Kujumlisha na Kuunganisha: Alama Moja yenye Kazi Mbili katika Lugha ya Java

Kila elimu mpya inapoingia katika jamii huja na maneno yake, na mara nyingi huja na alama zake pia. Maneno tumezoea kuyachunguza. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na hasa tangu orodha za Tafsiri Sanifu zilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, wafasiri wetu wamekuwa wakiuliza juu ya kila neno geni: lina maana gani, na sisi tuliiteje? Alama, kwa upande mwingine, hatuzihoji. Tunadhani kwamba alama haina lugha, na kwamba + ni + popote iendapo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo humpoteza mwanafunzi anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, na kwamba njia mojawapo ya kumwokoa ni kuchagua vizuri istilahi zetu.

Tutatumia lugha ya Java kuwa mfano. Java ilitolewa hadharani mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na anayetajwa kuwa baba yake ni James Gosling. Tangu mwaka 2010 iko chini ya kampuni ya Oracle. Ni lugha inayofundishwa kwa wanaoanza katika vyuo vingi, nayo hutumiwa kuandika programu za simu na za maofisi. Kwa hiyo jambo tutakalolieleza si la wataalamu peke yao. Linamhusu mwalimu anayefundisha, mfasiri anayetafsiri kitabu, na mtumishi wa serikali ambaye daftari lake limehamishiwa katika kompyuta.

Mfano wa daftari la mifugo

Tuchukue mfano wa kubuni. Kata ya Enguserosambu iko katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, kaskazini karibu na mpaka wa Kenya. Wakazi wake wengi ni Wamaasai, na ng'ombe ndio tegemeo kubwa la maisha yao. Tuseme kijana wa huko aliyejifunza Java kidogo ameombwa aandike programu ndogo ya kuhesabu dozi za chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Boma la kwanza lina ng'ombe 120, na la pili lina ng'ombe 45. Kijana anaandika:

System.out.println("Dozi: " + 120 + 45);

Anatazamia kuona "Dozi: 165". Kompyuta inamwandikia "Dozi: 12045". Programu haikukataa kazi, wala haikutoa onyo lolote. Kama karani ataipokea hesabu hiyo bila kuitazama mara ya pili, ataagiza dozi elfu kumi na mbili na arobaini na tano kwa ng'ombe mia moja na sitini na watano.

Je, kompyuta imekosea? La. Imetii amri iliyopewa. Kilichotokea ni kwamba kijana alikuwa na kazi moja kichwani, na alama aliyoiandika ina kazi mbili.

Kazi mbili za alama ya +

Kazi ya kwanza ni ile tuliyofundishwa katika somo la hisabati, yaani kujumlisha. Tunachukua idadi mbili na kupata idadi ya tatu, ambayo ni jumla yake: 120 + 45 ni 165. Kazi ya pili haihusu idadi hata kidogo. Inahusu maandishi. Tunachukua andiko moja, tunaliweka mbele ya jingine, nayo mawili yanakuwa andiko moja refu zaidi. Kazi hii tutaiita kuunganisha.

Kitu kinachounganishwa kinahitaji jina. Katika Java, maandishi yaliyowekwa kati ya alama za kunukuu huitwa kwa neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ya asili ni uzi au kamba. Wapo waliolifasiri hivyo hivyo, nasi hatuwalaumu. Lakini uzi wa Kiingereza hapa ni tamathali ya vitu vilivyotungwa mfululizo kama shanga, na mwanafunzi wa Kiswahili akiambiwa "unganisha kamba mbili" hawezi kujua kwamba anaambiwa habari za herufi. "Mfuatano wa herufi" ni bora, ingawa ni finyu kidogo, kwa sababu ndani ya mfuatano huo huweza kuwamo tarakimu, nukta, na hata nafasi tupu. Tunapendekeza "mfuatano wa alama", na kwa kifupi "mfuatano", palipo wazi kwamba ndio unaokusudiwa.

Tofauti kati ya kujumlisha na kuunganisha huonekana vizuri tukizichunguza tabia zake. Kwanza, katika kujumlisha utaratibu wa kutanguliza haubadili jibu: 7 + 5 ni sawa na 5 + 7. Katika kuunganisha, "7" + "5" ni "75", na "5" + "7" ni "57". Pili, katika kujumlisha kitu kisichobadili chochote ni sifuri. Katika kuunganisha kitu hicho ni mfuatano mtupu, usio na alama hata moja ndani yake. Sifuri ikiunganishwa na "12" inazaa "120" au "012", ambayo si mambo madogo. Tatu, jumla huweza kurudishwa nyuma kwa kutoa: 12 ukitoa 5 ni 7. Kuunganisha hakuna kinyume chake kinachoandikwa kwa alama ya kutoa, na mtu akijaribu kuitumia kati ya mifuatano, Java itakataa kuifasiri programu yake.

Hata hivyo kazi hizi mbili zina udugu wa aina moja. Mfuatano "Kata ya " una alama nane, tukihesabu nafasi mbili zilizomo. Jina "Enguserosambu" lina herufi kumi na tatu. Tukiunganisha tunapata "Kata ya Enguserosambu", wenye alama ishirini na moja. Kwa maneno mengine, maandishi yanapounganishwa, urefu wake hujumlishwa. Bila shaka hili husaidia kueleza kwa nini alama ileile ilionekana kufaa kwa kazi zote mbili. Zipo lugha nyingine za kompyuta zilizochagua njia tofauti: PHP huunganisha kwa nukta, na SQL ya kawaida kwa vistari viwili vya wima. Wanaofundishwa lugha hizo hawakutani na mtego huu kwa sura hii.

Java inavyoamua

Mwanafunzi anaweza kuuliza: ikiwa alama ni moja, kompyuta inajuaje kazi ipi inatakiwa? Kanuni ni fupi. Java hutazama pande mbili za alama. Pande zote mbili zikiwa namba, hujumlisha. Upande mmojawapo ukiwa mfuatano, huugeuza upande wa pili kuwa mfuatano, kisha huunganisha. Na zinapokuwapo alama kadhaa za + katika mstari mmoja, huzishughulikia kuanzia kushoto kwenda kulia.

Sasa turudi katika mstari wa kijana wetu. Java ilianza kushoto: "Dozi: " ni mfuatano, na 120 ni namba. Kwa kuwa upande mmoja ni mfuatano, ikaunganisha na kupata "Dozi: 120". Kisha ikakutana na + ya pili: kushoto kwake pana mfuatano "Dozi: 120", kulia pana 45. Ikaunganisha tena. Jumla haikutafutwa mahali popote. Lau kijana angeandika namba kwanza, yaani 120 + 45 + " dozi", Java ingekutana kwanza na namba mbili, ingezijumlisha kuwa 165, kisha ingeunganisha na kutoa "165 dozi". Dawa iliyo salama ni mabano:

System.out.println("Dozi: " + (120 + 45));

Yaliyomo ndani ya mabano hutangulizwa, kama katika hisabati, nayo ni namba tupu. Jibu ni "Dozi: 165".

Kuzidisha hutangulia + kama kawaida, hivyo "Dozi: " + 120 * 2 hutoa "Dozi: 240" bila mabano. Kutoa hakuna bahati hiyo: "Dozi: " + 120 - 45 hukataliwa tangu mwanzo. Mwalimu na awaeleze wanafunzi wake kwamba kosa linalopiga kelele ni afadhali kuliko kosa linalonyamaza. La kwanza huonekana siku ileile, la pili huonekana shehena ya chanjo inapowasili.

Namba zinazoingia zikiwa maandishi

Upo mlango wa pili wa kosa hili. Mtu anapoandika 120 katika kisanduku cha fomu kwenye skrini, kwa kawaida programu huyapokea maandishi hayo kuwa mfuatano "120", yaani alama tatu zilizofuatana. Kwa macho yetu ni namba, kwa Java si namba bado. "120" na "45" zilizopokelewa hivyo zikiwekewa + katikati, zitakuwa "12045" hata kama mabano yamewekwa, kwa kuwa ndani ya mabano nako hamna namba. Lazima kwanza zigeuzwe kuwa namba, na kwa namba nzima Java ina amri yake, Integer.parseInt. Amri hiyo haina subira. Karani akiandika "120 ng'ombe" au "mia", itasimamisha kazi na kutangaza kosa. Ndiyo maana fomu iliyotungwa vizuri huweka idadi katika safu yake peke yake, na maelezo katika safu nyingine.

Mtego wa tatu unawahusu walimu zaidi. Java hutofautisha alama moja iliyo kati ya vinukuu vya mkato mmoja, kama 'A', na mfuatano ulio kati ya vinukuu vya mikato miwili, kama "A". Herufi iliyo peke yake huhifadhiwa kwa namba yake ya siri, na ya A ni 65. Mwalimu anayetaka kuandika jina la mkondo A wa darasa la saba, akiandika 7 + "A", atapata "7A" aliyoitaka. Akiandika 7 + 'A' atapata 72. Hapa hapana mfuatano upande wowote, kwa hiyo Java imejumlisha 7 na 65.

Namba ambazo ni majina

Tumefika katika kiini cha jambo, nacho ni cha lugha zaidi kuliko cha kompyuta. Kiswahili kina maneno yanayotenganisha vizuri mambo ambayo wengi huyachanganya. Tarakimu ni alama ya kuandikia, kuanzia 0 hadi 9. Idadi ni kiasi cha vitu vilivyohesabiwa. Namba hutumika kwa yote mawili, na hapo ndipo ukungu unapoingia, kwa sababu namba nyingi tunazozitumia maofisini si idadi ya kitu chochote. Ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu.

Fikiria namba ya Kitambulisho cha Taifa. Ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo zinaonyesha mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Vipande vyake vimeunganishwa, havikujumlishwa. Tena haiwezi kuhifadhiwa katika aina za kawaida za namba nzima za Java, kwani kubwa kuliko zote kati ya hizo hukomea 9223372036854775807, yenye tarakimu kumi na tisa. Ndivyo ilivyo pia kwa postikodi ya tarakimu tano, ambayo huanza kwa kanda na mkoa (Arusha ni 23) na kuteremka hadi wilaya na kata. Na hereni za ng'ombe zinazowekwa chini ya Sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo hubeba namba ambayo kazi yake ni kumtaja mnyama mmoja tu.

Namba ya simu nayo ni hivyohivyo. Anayepiga kutoka nje ya nchi huondoa sifuri ya mwanzo na kutanguliza 255. Kwa namba ya kubuni 0100000000 matokeo yanayotakiwa ni 255100000000. Programu ikijumlisha 255 badala ya kuiunganisha, itatoa 100000255, yaani simu ya mtu mwingine kabisa.

Sifuri inayotangulia ni shahidi mzuri wa tofauti hii. Mtahiniwa namba 0012 akihifadhiwa kuwa mfuatano, atabaki 0012. Mfuatano huo ukigeuzwa kuwa namba, sifuri zake zitapotea naye atakuwa 12. Na mwandishi wa programu akiiandika 0012 moja kwa moja kuwa namba, Java itaisoma kwa hesabu ya msingi wa nane na kuifanya 10, kwa sababu ndani ya Java sifuri inayotangulia namba nzima ni ishara ya msingi huo. Mtahiniwa wa kumi na mbili atapewa alama za mtahiniwa wa kumi.

Kwa hiyo tunapendekeza kipimo chepesi kwa yeyote anayepanga daftari la kompyuta: jiulize kama kuna maana ya kutafuta nusu ya namba hiyo, au wastani wake. Nusu ya ng'ombe 120 inaeleweka, kwa hiyo hiyo ni idadi, na ihifadhiwe kuwa namba. Nusu ya namba ya hereni haina maana, kwa hiyo hilo ni jina, na lihifadhiwe kuwa mfuatano.

Alama hii katika sarufi yetu wenyewe

Wasomaji wetu walio walimu wa Kiswahili watakuwa wamekwisha kuona kwamba jambo hili si geni kwao. Ubaoni huandika a + na + soma kuonyesha jinsi "anasoma" linavyoundwa. Hawajumlishi kitu. Wanaunganisha, na utaratibu una uzito wake, kwani na + a + soma haizai neno lile. Jina pundamilia ni punda na milia yaliyounganishwa, herufi tano kwa tano zikawa kumi, na hakuna anayedhani kwamba mnyama yule wa Ngorongoro ni jumla ya punda na michirizi.

Lakini sarufi yetu ina kazi ya tatu ambayo kompyuta haiijui. Tunapoandika wa + ingi tunapata "wengi", na ma + ino ni "meno". Sauti zimeyeyushana. Java ikipewa "wa" + "ingi" itatoa "waingi" bila haya. Mwalimu akilitaja hili, mwanafunzi ataelewa kwamba kuunganisha kwa kompyuta ni kwa ushupavu: kila alama hubaki kama ilivyokuja.

Neno "na" nalo lina mizigo miwili. Katika "saba na tano ni kumi na mbili" hujumlisha. Katika "Karatu na Ngorongoro" huweka vitu pamoja tu. Walimu wa madarasa ya chini wanalijua kosa la mtoto anayeambiwa aandike mia moja na ishirini, naye akaandika 10020. Masikio yake yamesikia 100, yakasikia 20, na mkono wake ukaunganisha mahali ambapo lugha ilitaka kujumlisha. Ni kosa lilelile la dozi 12045, ila mtoto alilifanya kwa kalamu.

Istilahi tunazopendekeza

Kwa kuwa alama haibadiliki, maneno ndiyo yanayoweza kumwongoza mwanafunzi. Tunapendekeza "kujumlisha" libaki kwa idadi peke yake, kama lilivyo katika vitabu vya hisabati, na mfasiri asilitumie kamwe kwa maandishi. "Kuongeza" liepukwe katika mambo yote mawili, kwa sababu katika matumizi ya kawaida linafaa kwa yote mawili, na hivyo halitenganishi chochote. "Kuambatanisha" lina kazi yake maofisini: kiambatanisho hufuatana na barua na kubaki karatasi ya peke yake, ilhali mifuatano miwili hugeuka kuwa mmoja. "Kuambisha" ni mali ya wanasarufi, nalo linahusu viambishi na mizizi ya maneno. Linalobaki ni "kuunganisha", ambalo kila mtu analijua na ambalo linasema hasa kinachotendeka.

Vilevile ile + yenyewe isiitwe "alama ya kujumlisha" katika kitabu cha kufundishia Java. Jina hilo linamwahidi msomaji kazi moja tu. Iitwe "alama ya +", kisha mwandishi aeleze kila mara kama mahali hapo inajumlisha au inaunganisha. Kijana wa mfano wetu alifundishwa kwamba + ni jumlisha, akaiamini. Lau angefundishwa kuuliza "Pande zangu mbili ni idadi au ni maandishi?", angeweka mabano kabla kompyuta haijamwandikia dozi 12045.